Kisigino Kikavu

Mie niliolewa na mtu aliyeshindana na mtungi. Kila swala mume wangu alitawadha mpaka maji yakaisha, kisha akanitazama kinyonge: eti kisigino hakikupata maji. Na mteka maji nani? Mie. Pale kijijini kwetu Mkongo njia ya mtoni ilikuwa inanijua. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyatambua maradhi yale, akasema ni wasiwasi: kichwa kinajua umetawadha, moyo unakataa. Dawa yake, alisema, ni kutawadha kama watu, kisha uondoke na shaka yako hivyo hivyo, usirudi. Mume wangu akaitikia vizuri sana. Halafu akarudi kumuuliza mwalimu kama kweli amemsikia sawasawa.

Ndipo yakaja maji mengine. Tulikuwa tumechoka na shamba la pamba la Mjerumani, tunachapwa viboko huko huku mpunga wetu unaliwa na nguruwe. Akaja mganga na maji yake: akikunyunyizia, risasi haikupati, yageuka maji. Wanaume waliomcheka mume wangu kwa kisigino chake wakapanga mstari, kila mtu akapata matone yake, akaondoka kifua mbele, hana swali. Lo, nilitamani mume wa namna hiyo. Wangu alinyunyiziwa, akarudi nyuma ya mstari. Akarudi tena. Je, nyuma ya sikio yamefika? Na kisigino? Mganga akamtimua mbele ya watu, akisema mwenye shaka anawaharibia wenzake dawa, abaki na wanawake. Nilikufa kwa aibu.

Wakaenda vitani, kaka yake akiwamo. Waliorudi walikuwa wachache, na kaka yake hakurudi.

Majirani wakaniambia nina bahati, mume kaokolewa na wazimu wake. Bahati ipi? Askari wa Mjerumani walichoma ghala zetu, tukawa tunachimba ming'oko porini, na yeye hata hiyo mizizi haimpiti kooni. Kutwa anauliza neno moja: ni yeye aliyeiharibu ile dawa? Ni yeye aliyemuua kaka yake? Nami naapa, wallahi si wewe. Anatulia kiasi cha kumeza mate, anauliza tena. Alikonda mpaka nikaogopa nitakuwa mjane wa mtu asiyepigwa risasi.

Siku hiyo nilikuwa namenya ming'oko, akaja na swali lake, na kiapo kikanikwama. Niliona kiapo changu nacho ni mtungi: anaumaliza, ananirudishia niujaze.

"Huenda," nikamwambia.

"Huenda nini?"

"Huenda ni wewe. Huenda ni bunduki ya Mjerumani. Mie sijui, na wewe hutajua. Kamata jembe."

Alilia. Nami nililia, maana nilimpenda yule mtu na usumbufu wake wote, lakini kiapo sikumpa. Alingoja nimwapie, akanikasirikia, akakamata jembe. Kesho yake aliuliza tena, nikamjibu vile vile. Akaanza kula, kidogo kidogo, huku amenuna.

Adhuhuri moja alitawadha, akasimama, akakitazama kisigino. Nikaunyanyua mtungi kumwongezea, mkono umeshazoea.

"Huenda hakikupata," akasema, akaenda kuswali.

Maji yaliyobaki nilichemshia ming'oko.