Nilimtilia Dada Dawa Kwenye Uji, Nikakoroma Ukweni

Mtacheka, najua, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini jamani, nilimkosea dada yangu!

Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki, na mpaka leo tunaishi wote hapa Nyakato. Aliwahi kuugua akili, akawa anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Hospitali wakampa vidonge, sauti zikanyamaza, akarudi kwenye cherehani yake na kwaya yake.

Mwaka huu akaacha dawa. Nikamfokea. Akasema tu, "Nimechoka nazo." Basi! Sikumuuliza amechoka na nini.

Haukupita muda akaanza kubishana na mtu jikoni, na jikoni yuko peke yake. Hofu ikanishika. Ujinga nao ukanishika! Nikawa nasaga vile vidonge na kumtilia kwenye uji wa asubuhi. Anakunywa, ananishukuru. Ananishukuru, jamani!

Ikafika siku ya kupeleka posa Butimba, kwa wazazi wa mchumba wangu. Napiga pasi shati, nimempa dada mgongo. Akaona sijatia kitu tumboni, akanimiminia uji kwenye kikombe changu.

"Kunywa, mdogo wangu. Usiende kutetemeka njaa mbele za watu."

Nikajua ni wa kwenye sufuria. Nikaugugumia wote. Kumbe kanipa wake, ule niliokwisha kuutilia dawa!

Ukweni, mshenga hajamaliza hata salamu, kope zangu nzito kama mawe ya Ilemela. Baba wa binti akauliza, "Kijana, umempendea nini binti yetu?"

Nikamjibu kwa mkoromo.

Nilizinduka nimelalia bega la mshenga, udenda unanitoka, shangazi wa binti kajiziba mdomo kwa khanga, anatikisika kwa kicheko. Aibu gani ile!

Nyumbani dada alikuwa akingoja habari njema. Nikamweleza yote, na siri ya uji nikaitoa. Hakupiga kelele.

"Kumbe ulikuwa unanivizia," akasema.

Toka hapo akawa anakula mayai aliyochemsha mwenyewe na ndizi alizomenya mwenyewe. Chakula cha mkono wangu hagusi! Aibu ya Butimba ikawa si kitu.

Siku moja nikaketi kizingitini kwake. "Dada, nisamehe. Ulichoka na nini hasa?"

Akanitazama sana. "Ule usingizi wako wa ukweni, mimi nikimeza dawa ni kila siku. Nasinzia kwenye cherehani, nasinzia wenzangu wakiimba. Wewe umeonja mara moja tu ukakoroma mbele ya wazee!"

Tukaangua kicheko, tukacheka mpaka tukalia.

Tukaenda kliniki pamoja. Daktari alinichamba: ningeweza kumdhuru, na mimi mwenyewe nikadhurika. Dada naye akaambiwa asiache dawa ghafla bila kusema. Wakambadilishia, wakarekebisha tena alipolalamika. Sasa anameza mwenyewe, hasinzii tena, na kwaya wanamlalamikia kwamba anaimba kwa sauti kubwa mno.

Na posa? Mzee alituma neno: "Arudi, ila alale kwanza kwao." Nikarudi na dada, akaninyoosha kola mlangoni. Tumeoana!

Wewe ambaye ndugu yako ameacha dawa, usimvizie wala usimfokee. Muulize dawa inamfanya nini, unyamaze usikie, kisha mwende wote kwa daktari. Mimi niliona kusaga vidonge ni rahisi kuliko kuuliza.