Nilivyoliziba Tanuru la Baba Neema

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Milanzi, na juma lile nilifundisha methali ya ufa na ukuta, ile ya kuwahi mambo, mpaka darasa likanipigia makofi. Kwa hiyo jioni nilipopita kwenye tanuru la matofali la jirani yangu, Baba Neema, nilijua la kufanya. Pembeni alikuwa amelikandika udongo vizuri, lakini juu moshi ulikuwa unatoka kwenye nyufa. Mwenyewe alikuwa amekwenda kutafuta kuni za kuongeza. Nikaona nikimsubiri, joto lote litaishia hewani. Nikakanda udongo, nikapanda, nikaziba kila ufa na kusawazisha kwa kiganja kama fundi. Sikumwambia mtu. Nilitaka ashangae mwenyewe.

Asubuhi nilikwenda kupokea shukrani zangu, mikono mfukoni kwa baridi yetu hii. Nikakuta majirani wamelizunguka tanuru.

"Kuna mtu kaziba juu," Baba Neema alikuwa anawaambia. "Moto umekosa hewa, umezimika. Matofali ya nyumba nzima yamebaki mabichi."

Akabandua kipande cha ule udongo uliokauka, akawaonyesha alama ya kiganja. Kilikuwa na vidole vinne.

Cha tano changu kilikatwa na mashine ya kusaga nikiwa mdogo, na Milanzi nzima inajua.

Baba Neema akageuka, akaniona.

"Karibu, mwalimu," akasema kwa upole, akaninyooshea mkono. Wote wakasubiri nitoe wangu.