Bapa Jipya la Kisu cha Shaibu

Kwa miaka kumi na moja Mzee Uwesu alichinja kuku katika soko la Kariakoo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona ana haraka. Muuza kuku akishapatana na mteja, kuku huletwa kwake. Kwanza humpa kuku mgongo ili asikione kisu, kisha hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya makali, kutoka shinani mpaka nchani. Ukucha ukiteleza, anageuka, anamwelekeza kuku kibla, anapiga bismillahi, anachinja. Ukikwama mahali, hata padogo namna gani, kuku anarudi tengani na mteja anangoja kisu kinolewe. Wateja wenye pupa walinung'unika sana. Kesho yake walirudi kwake yeye yule.

Kisu chenyewe kilikuwa cha kukunja, mpini wake wa pembe, kinaingia kwenye mfuko wa shati. Wachinjaji wenzake walikuwa na visu virefu, nao walimtania kwamba anachinjia kisu cha kumenyea machungwa. Aliwaacha wacheke. Kilikuwa kisu cha kaka yake, Shaibu, aliyechinja sokoni hapo kabla yake, enzi za soko la zamani. Shaibu alipokuwa kitandani, kifua kimembana, alimwita mdogo wake, wakati huo Uwesu akiwa kuli bandarini, akamwekea kisu kiganjani. "Kisu hiki hakijapata kumtesa mnyama," alimwambia. "Nakukabidhi hivyo hivyo." Hakusema habari za nyumba wala shamba, kwa sababu hakuwa navyo.

Uwesu akaacha magunia ya bandarini akaenda kusimama sokoni. Ukimuuliza kazi yake, alisema anachinja. Ila moyoni alijua kwamba kazi yake ni kulinda neno la marehemu.

Basi ikaja ile siku, mwaka uliofuata vita vya Kagera. Mwaka huo ukipata kipande cha sabuni ulikificha hata jirani asikione. Asubuhi lilishushwa tenga lililotoka Dodoma kwa treni, mdomo wake umefungwa kwa waya. Koleo la muuza kuku lilikuwa limeazimwa na halijarudi, kuku ndani wanahema midomo wazi. Uwesu akawaonea huruma. Akatoa kisu, akapenyeza bapa chini ya waya, akausokota waya mpaka ukakatika. Alifanya kwa wema kabisa, na hilo ndilo lililomuuma baadaye.

Waya haujapoa, Zamda akafika mbio. Zamda alikuwa mama lishe wa Mtaa wa Mkunguni, mteja wa siku nyingi, na siku hiyo ilikuwa arobaini ya mama yake. Maji yalikuwa yamekwisha chemka na wasomaji wa hitima walikuwa njiani.

"Shikamoo baba. Nakuomba unisaidie upesi, nimeumbuka leo."

"Marahaba mwanangu. Lete."

Akamchukua jogoo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakupitisha ukucha.

Kisu kilikwama. Alivuta mara ya pili, akavuta mara ya tatu, na jogoo akapiga mbawa kwa nguvu ambayo haikupaswa kuwapo tena. Ilikwisha kabla Zamda hajamaliza kukunjua kikapu chake. Hakuona kitu. Nyama ilikuwa halali, Uwesu alijua hivyo, na hata shehe angemwambia hivyo. Lakini mikono yake ilikuwa imesikia. Zamda akamshukuru, akamwombea dua ya umri mrefu, akaondoka. Uwesu alibaki pale na haya iliyomchoma mpaka masikioni, akishindwa hata kumwita.

Alipokitazama kisu aliona pengo la kiasi cha punje ya mchele, na kutoka pale ufa uliopanda mpaka katikati ya bapa. Hilo si la kunoa. Kisu kipya nacho kilikuwa hadithi, maana maduka yote mjini yalikuwa na rafu safi zisizo na kitu. Mchinjaji mwenzake mmoja akamwelekeza Gerezani, nyuma ya karakana za reli, kwa fundi Jamnadas, aliyekuwa akitengeneza mikasi, miavuli na visu vya kukunja.

"Lakini usimwambie ni cha kuchinjia," akamwonya. "Yule hali nyama, wala hatii makali kwenye chombo cha kuulia. Mwambie cha kukatia kamba."

Jamnadas alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja. Alikifungua kisu, akakifunga, akakisikiliza, ndipo akasema bapa halifai ila mpini na springi ni vizima. Kisha akauliza, "Unakatia nini?"

"Kamba," alisema Uwesu. "Niko bandarini."

Zamani alikuwa bandarini kweli, kwa hiyo uongo ulitoka bila kujikwaa. Jamnadas akaitikia kwa kichwa, akamwambia arudi Alhamisi. Siku zote hizo Uwesu alikaa nyumbani, akawaambia watu mgongo unamsumbua. Wenzake walimtumia salamu kwamba wamuazime kisu. Akakataa.

Alhamisi alikuta kisu kimekamilika. Jamnadas alikuwa amezing'oa pini za shaba, akalilaza bapa la zamani juu ya kipande cha msumeno wa seremala, akachora, akakata, akapiga tupa. Chuma akakichoma mpaka kikawa chekundu, akakizamisha kwenye mafuta, kisha akakipasha tena taratibu ili kisivunjike. Pini mpya zilikuwa zimegongwa na kusuguliwa hata huzihisi kwa kidole. Kisu kilifunguka kwa mlio ule ule wa zamani, na Uwesu machozi yalimlenga aliposikia. Akageuka pembeni, kwa mazoea, akapitisha ukucha.

Ulikwaruza, kutoka shinani mpaka nchani.

"Fundi, makali yanakwaruza."

"Ndiyo," alisema Jamnadas, tena kwa fahari. "Kamba ya katani haikatwi na makali laini, yanateleza tu. Nimeyaachia meno madogo, huyaoni kwa macho. Kamba hata iwe nene vipi, bapa hili litaiuma."

Uwesu alisimama na kisu mkononi. Angeweza kushukuru, kulipa na kwenda kusugua mwenyewe nyumbani. Angeharibu bapa, au asingeliharibu. Akaiona ile shingo ya jogoo. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Nimekudanganya," alisema. "Mimi ni mchinjaji wa kuku pale sokoni."

Jamnadas alivua miwani. Akaifuta, na nje mabehewa yalikuwa yakigongana relini. Uwesu akamweleza yote: Shaibu na neno lake, waya, jogoo wa arobaini, mara ya pili na ya tatu. Alikuwa hajamwambia mtu mwingine.

"Ungeniambia mwanzoni ningekukatalia," alisema Jamnadas hatimaye.

"Najua."

"Na sasa bado nakataa. Mkono wangu hautii makali hayo." Akainuka, akaleta kinoo chepesi cha kijivu na kikopo cha mafuta, akaviweka mbele ya Uwesu, si mkononi mwake. "Lakini kwako kuku watakufa tu, leo na kesho. Sitaki wafe kwa meno niliyoyatia mimi. Yatoe mwenyewe. Nitakwambia ukikosea."

Alinoa kuanzia adhuhuri mpaka jua likaingia mlangoni. Jamnadas alikaa mkabala, mikono kaikunja kifuani. "Umelilaza mno. Inua kidogo. Sasa upande wa pili." Hakukigusa kisu hata mara moja. Uwesu alipopitisha ukucha mara ya mwisho, uliteleza. Jamnadas akataka kuuona ule ukucha, akautazama kwenye mwanga, akaridhika. Bapa la zamani alikuwa amelifunga kwenye karatasi. Akamrudishia pamoja na kisu.

Kutoka pale Uwesu alipitia kwa Zamda, akamwambia habari ya yule jogoo. Zamda aliacha kukoroga sufuria. "Wasomaji walikula wakamwombea mama, baba," alisema. Kisha, akianza tena kukoroga, "Ungeniambia siku ile ile." Uwesu akakubali kwamba ndivyo.

Alichinja miaka minne mingine, akipitisha ukucha mara mbili badala ya moja. Mikono ilipoanza kutetemeka, alimwita Kitwana, mtoto wa marehemu Shaibu, mtu mzima mwenye watoto wake, akamkalisha barazani. Kitwana alilijua neno la baba yake. Ukoo mzima ulilijua. Alinyoosha kiganja kulipokea.

Uwesu akakiweka kisu kiganjani, na juu yake kile kipande cha karatasi chenye bapa bovu.

"Kisu hiki kimemtesa mnyama mmoja," alisema. "Mkono ulikuwa wangu. Nakukabidhi hivyo hivyo."