Salamu za Bibi Ndani ya Miwani

Nilimwahidi bibi, mama yake mama yangu, kwamba hakuna kitakachotoka kichwani mwake kikatupwa. Yeye alifikiria nywele. Tangu utoto wake kijijini kwao Namasakata alizoea kuokota kila unywele ulioanguka wakati wa kusukwa, akaufukia mwenyewe. Mimi, niliyekuwa nimetoka chuoni na kuajiriwa na watafiti waliopanga chumba mjini, mtaa wa Mfaranyaki, nilikubali upesi bila kupima uzito wa ahadi hiyo.

Kazi yetu ilikuwa kumvika mtu kofia inayopokea umeme hafifu wa ubongo na kuuchora kama mistari kwenye kompyuta, kisha miwani mikubwa inayoziba macho na kumwonyesha mahali pengine kana kwamba amesimama hapohapo. Tulitaka kujua ubongo wa mzee hufanya nini anapopaona kwao.

"Umeme?" bibi alicheka. "Nyumbani nguzo haijafika, wewe unasema umo kichwani mwangu!"

"Ni mdogo sana, bibi. Ila usiseme wala usitikisike, mistari itavurugika."

"Nitakaa kama gogo."

Bibi hakuwa amerudi kwao tangu miguu ilipomkataa. Nilipowasha miwani, mbele yake ilitokea njia ya mikoroshoni tuliyoipiga picha za video Namasakata. Kwenye kompyuta mistari ya ubongo wake ilikwenda taratibu. Kisha katika picha akapita mwanamke mzee kumzidi, ndoo kichwani.

Bibi akainama kitini. "Shikamoo, dada. Za hapa? Watoto hawajambo?"

Mistari ikaruka juu na chini. Bibi akangoja, mikono mapajani. Mwanamke akapita.

"Mbona haitikii?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nimewakosea nini huko kwetu?"

Kiongozi wetu alisogea kwenye kompyuta. "Imeharibika. Ifute, tuite mtu mwingine."

"Nilimwahidi kwamba chake hakitatupwa."

"Huo ni umeme wa misuli ya mdomo tu, si wa ubongo, kijana."

"Ni salamu, mzee. Kosa ni langu. Nilimkataza kusema, lakini sikumwambia kwamba wale hawatamsikia."

Akaondoa mkono kwenye kompyuta. "Basi yaandike hayo pembeni ya mistari, na uihifadhi."

Nilimvua bibi miwani. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ile ni picha, bibi. Hakukununia. Hakukusikia."

"Ungesema mapema! Mzee apite mbele yangu nimnyamazie, mimi mchawi?" Akanipiga kofi jepesi begani, na hapo ndipo alipocheka tena.

Nywele tatu nyeupe zilikuwa zimenasa ndani ya kofia. Nilizitoa moja moja, nikazikunja katika karatasi safi na kumpa. Alizifunga kwenye pindo la kanga yake.

Nawe unayesoma haya, ukimvika mzee miwani ya namna hii, tafadhali mwambie kwanza kwamba watu atakaowaona hawawezi kumwitikia.