Kokoto za Kaburi la Baba

Nikipita penye mabibo yaliyooza, yale matunda ya mkorosho, nakumbuka nyumbani. Zamani harufu ile ilinirudisha kwa baba tu. Siku hizi inamleta na mdogo wangu.

Baba alilima korosho kijijini kwetu, Newala, na Jumapili alisoma somo kanisani. Msimu ukifika alikaa mkekani akichagua korosho moja moja, mbovu anatupa pembeni, huku akiimba kwa sauti mbaya ambayo hakuwahi kuionea aibu. Tukimharakisha alisema, "Mikono hii hii ndiyo napokelea mkate mezani pa Bwana." Gunia likijaa alilishona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na katikati ya mdomo wa gunia akaweka msalaba wa uzi mwekundu. Ghalani, tulikouzia korosho, waliujua msalaba ule. Gunia lilipanda mzanini bila kufunguliwa.

Mimi sikutulia. Tunduru, Songea, Lindi, kote nilikaa mpaka nikachoka. Mwaka mmoja baada ya kumzika baba nilikuwa Masasi, mdogo wangu akanipigia simu: "Kaka, tunataka kujengea kaburi la mzee. Huku mchanga mtupu, tuletee kokoto za huko milimani."

Nikapeleka viroba vitatu juu ya pikapu, nimevikalia mwenyewe mpaka makalio yanauma, najisifu moyoni kwamba angalau nimemfanyia baba kitu.

Siku ya pili asubuhi nilikwenda kaburini. Hakuna kokoto hata moja. Niliporudi nikamkuta mdogo wangu uani anashona gunia la mwisho la korosho. Uzi mwekundu. Kando yake viroba vyangu, vitupu, vimekunjwa vizuri.

"Kokoto ziko wapi?"

"Ah, kaka, uzito huo. Kila mtu anachanganya kokoto na korosho. Wewe mtu wa kutembea, mambo ya huku huyajui."

"Na msalaba?"

Akacheka. "Si ndiyo dawa yenyewe! Karani akiuona hafungui. Mzee bado anatusaidia."

Mate yakanijaa mdomoni, nikatema pale pale, karibu na mguu wake. Hata leo nikikikumbuka kicheko kile nasikia kinyaa. Najionea kinyaa na mimi pia, niliyezikalia kokoto zile njia nzima kama mayai.

Nikachukua kisu, nikakata uzi, gunia baada ya gunia.

"Kaka, utatuaibisha! Gari la ghala liko njiani!"

Nikamwaga korosho zote kwenye mkeka ule ule wa baba, nikaanza kuchagua. Alinitukana mpaka akachoka, akaingia ndani. Gari lilikuja, likaondoka. Jua lilipofika utosini mke wake akatoka. "Shikamoo, shemeji," akasema, akaketi upande wa pili wa mkeka, akachagua na yeye.

Kokoto niliziosha, nikazipeleka kaburini. Korosho zilizobaki shemeji alizirudisha magunini, akayashona kwa uzi mweupe. Ule mwekundu niliondoka nao mfukoni.