Ukuta Mmoja na Mpagani

Harufu ya mbao mbichi za mkaratusi hunirudisha utotoni, mtaani Murara, kwenye nyumba yetu ya mbao iliyoshikana na ya Papa Safari, mshona viatu. Ukuta wa katikati ulikuwa mmoja. Akikoroga chai tulisikia kijiko. Nasi watoto tukigombana, yeye alijua nani kaanza.

Papa Safari hakusali. Kwetu, mtu anayebaki nyumbani Jumapili akinyoosha suruali yake kwa pasi aliitwa mpagani, basi, hata awe mpole kama maji ya mtungi. Nami nilimpenda sana, maana ndala zangu zikikatika alizishona bila kunisema kwa Mama.

Jumapili moja mhubiri akatangaza kwamba moto utazishukia nyumba za wasioamini. Watu wakaitikia amina. Mimi nikaufikiria ule ukuta. Nyumba ya Papa Safari ikiungua, yetu itaponea wapi? Nilikimbia kumwonya aje kanisani.

"Papa Safari, kuya kusali! Moto yako itatuunguza na siye!"

Alicheka hadi sindano ikamponyoka. Nikaenda kumlilia Mama: kwa nini Mungu asimhamishe kwanza? Mama alikuwa akimenya viazi, wala hakuinua kichwa.

"Weye Furaha, unazania Mungu haone kama ukuta ni moja?"

Jibu hilo halikunituliza. Kila jioni Baba alipoongoza sala, nilikaza sauti nikiomba moto upotee njia.

Kisha Baba akasafiri kwenda Kalengera kununua maharage. Jioni hiyo Mama alikuwa hoi. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, tukajitupa kitandani. Mara ukuta ukagongwa, ko, ko, ko.

"Mama Furaha! Leo hamusali?"

"Tumechoka, Papa Safari."

"Aa! Sasa miye nitalala namuna gani? Amukeni kidogo. Na mutaje goti yangu, inaniluma."

Mama aliangua kicheko, akatupigisha magoti wote. Tulisali huku tukicheka, na goti la jirani likatajwa kwa heshima zote. Nilifurahi mno! Hofu ya moto iliniisha palepale.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mungu alimvumilia Papa Safari kwa ajili yetu sisi tunaosali. Nilipopata watoto wangu, na uchovu wangu wa jioni, ndipo nilipoelewa. Waumini tulikuwa tumeshalala. Aliyetuamsha tusali ni mpagani.