Kihenge cha Bibi na Sherehe za Watu

Nina hasira, rafiki yangu, na sitakudanganya kwamba zimeisha. Kompyuta ya nyumbani kwetu hapa Msamala iligoma. Unaiwasha, inauliza neno la siri, unaliandika, kioo kinakuwa cheusi, kisha inauliza neno la siri tena. Kama mtu anayekukaribisha ndani, ukishavua viatu anakurudisha nje.

Mwanangu akaipeleka kwa fundi kule Majengo, nami nikamfuata. Fundi aliiangalia kidogo tu. "Mama, hii inatumia Linux, siyo Windows tunayoijua. Tufute vyote, tuiwekee programu upya."

"Ufute nini?" nikamuuliza. "Humo ndani mna sauti ya dada yangu, na dada yangu amekufa. Ukishafuta, utaenda kumfukua?"

Nikaifunga mashine yangu kwenye kanga, nikaondoka nayo. Mwanangu alikuja nyuma akiona aibu. Aone.

Watu wa kufuta hawakuanza leo. Nilipokuwa mdogo, nyuma ya jiko la bibi yetu kulikuwa na kihenge cha mianzi, kimekandikwa udongo, kimesimama juu ya miti ili panya wasipande. Kila baada ya mavuno walikuja majirani ambao ghala zao zimeliwa na mchwa. "Tuwekee kidogo tu." Bibi hakujua kukataa, maana kumnyima mtu nafasi ya mahindi ilikuwa sawa na kumwambia afe na njaa. Basi wakaweka. Msimu wa kupanda ulipofika, mbegu ya ulezi ilikuwa chini kabisa na hakuna mkono ungeifikia.

Mjomba akaja na shoka. Kipasuliwe, kitajengwa kingine. Bibi akasimama mbele yake, mikono kiunoni: "Kipasue nikiwa ndani."

Akatuingiza sisi watoto kwa juu. Tulitoa mahindi ya kila mtu, fungu lake na fungu lake, vumbi likituwasha shingo, harufu ya mavi ya panya, maana walipanda hivyo hivyo, ikitukaba, na bibi chini akimtukana kila mwenye fungu kwa Kingoni, kwa jina lake na la ukoo wake. Mbegu ilikutwa salama ndani ya kibuyu. Siku ile tulikunywa togwa mpaka matumbo yakauma, na dada yangu mkubwa akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia pamoja na bibi, wakaimba wimbo wao wa kusaga. Mtoto unaegemea ukuta wa jiko wenye joto, unasikiliza jiwe na sauti mbili. Sijapata tena usingizi kama ule.

Ndiyo sauti niliyokuwa naipigania pale Majengo.

Jumapili, baada ya misa, akaja mjukuu wangu, ni mwalimu wa sekondari. Kompyuta ni yake, alituachia, na ndiye aliyemrekodi dada yangu. Hakufuta kitu. Alibonyeza vitufe kwa pamoja, kikaja kioo cha maandishi matupu, hakuna picha. Akaandika, akasoma, akacheka kwa uchungu.

"Bibi, mashine ni nzima. Imejaa."

"Imejaa nini?"

"Video za watu. Sendofu ya mtoto wa jirani, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi. Kipaimara. Kwaya. Harusi, harusi nyingine. Ikitaka kufungua picha zake inahitaji nafasi kidogo ya kuandika mambo yake. Ikikosa, inarudi mlangoni."

Nikamgeukia mwanangu. Kila mwenye flashi alikuja kwake, "tuwekee kidogo," naye akaweka.

"Futa sendofu," nikasema.

"Mama, jirani atanuna," mwanangu akasema.

"Anune. Wali wa sherehe yake ameshakula."

Mjukuu akafuta, akaiwasha upya. Neno la siri likapokelewa, picha ya maua ikatokea, mafaili yote yakajipanga. Tukamsikia dada akieleza uyoga wa porini, akikohoa, akinitania kwamba nilikuwa mtoto wa kulialia. Kisha mjukuu akabonyeza rekodi ya mwisho, ile ya wimbo mzima wa kusaga. Kimya. Akabonyeza tena.

"Haina kitu, Bibi. Nilipoihamisha kutoka kwenye simu, mashine ilikuwa imeshajaa. Jina limeingia, sauti haikuingia. Na kwenye simu nikaifuta."

Akalia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno.

Siku hizi mahindi tunatia kwenye magunia yenye dawa, unga tunasaga mashineni, na kihenge hata ukitaka kumwonyesha mtoto utakitafuta wapi? Wimbo ninao mwanzo wake tu. Mwisho ulikuwa na maneno ya waume na wake, kwa hiyo ulipokaribia, bibi alitupatia sisi wadogo ndoo twende mtoni. Dada alikuwa mkubwa, alibaki.

Kwa ajili ya ngoma ya sendofu ya watu, sitaujua.